Barua kwa mwanangu: kabla ya kuchagua njia ya kutoa kilichomo ndani

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi huku Tanga hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Barua yako nimeisoma kwa utulivu, na nimefurahi kuona kwamba kazi ya maabara imeanza kukusumbua kwa maswali ya maana. Unasema mkuu wako amekukabidhi mbegu za mwarobaini na kukutaka upendekeze njia ya kupata azadiraktini, ile kampaundi inayowafanya wadudu wakatae chakula na kuwazuia kukua, kwa ajili ya majaribio ya kuhifadhi mahindi. Umefungua vitabu ukakuta kuloweka, kukamua kwa shinikizo, kukeneka kwa mvuke, kuchemsha kwa kiyeyushi kinachozunguka, na hata kutumia gesi iliyogandamizwa, kisha ukaniuliza uchague ipi. Ukaongeza swali la pili, ambalo nadhani ndilo kubwa: je, kuna jambo lolote linalomuunganisha mkemia na daktari anayeng'oa jino au mchenjuaji wa dhahabu kule Geita, ikiwa wote hao husemwa kwamba wanatoa kitu ndani ya kitu kingine?

Lipo, na nitalisema mapema ili usilitafute hadi mwisho wa barua. Kabla ya kuchagua njia, mtu anapaswa kujua kitu anachokitaka kimeshikiliwa na nini. Vitabu vyako vimepangwa kwa majina ya njia, na kwa sababu hiyo vinakufanya udhani kwamba kazi huanza kwenye njia. Miaka mingi niliyofundisha kemia nimewaona wanafunzi hodari wakishindwa hapo tu.

Tuanze na jino, kwa kuwa hapo kinachoshikilia kinaonekana wazi. Watu wengi hudhani daktari huvuta jino kwa nguvu. Mzizi wa jino hukaa ndani ya tundu la mfupa wa taya, nao umeunganishwa na mfupa huo kwa nyuzinyuzi fupi zilizouzunguka pande zote. Akivuta tu, mzizi utakatika na kubaki ndani. Kwa hiyo, baada ya sindano ya ganzi, hutangulia kupenyeza chombo chembamba kati ya jino na mfupa, akazikata zile nyuzinyuzi na kulipanua tundu kidogo kidogo, na koleo huja baadaye kulitikisa jino taratibu hadi liachie. Jino la mbele la juu, ambalo mzizi wake ni mmoja na wa mviringo, laweza kuzungushwa. Gego lenye mizizi mitatu iliyotanuka haliwezi, na pengine hulazimu mizizi itenganishwe kwanza. Ni kazi ileile, ni kinywa kilekile, lakini umbo la kilichoshika limebadilisha njia.

Sasa twende Pemba kwenye karafuu. Mafuta yake yamo katika vifuko vidogo mno chini ya ngozi ya kila chembe, na kwa sehemu kubwa ni yujenoli, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 254 hivi za Selsiasi. Ukiikaanga karafuu ili kuyafukuza mafuta kwa moto wa kiwango hicho, utaiunguza. Mvuke wa maji hufanya jambo ambalo mimi bado naliona la ajabu: vimiminika viwili visivyochanganyika vinapopashwa moto pamoja, kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na kanieneo za mivuke hiyo miwili hujumlishwa. Jumla hiyo hufikia kanieneo ya hewa, na hivyo mchanganyiko huchemka, kabla maji hayajafika nyuzijoto 100, na hivyo mafuta ambayo yangehitaji moto mkali sana hupanda pamoja na maji kwa joto la sufuria ya kawaida. Yakishapozwa hujitenga yenyewe, nayo hutulia chini ya maji kwa sababu ni mazito kuliko maji, tofauti na mafuta mengi unayoyafahamu. Hata makonyo, vile vikonyo ambavyo zamani vingeonekana ni takataka, hukenekwa na kutoa mafuta, ingawa machache kuliko ya karafuu yenyewe. Na kwa kuwa ulinitajia daktari wa meno: yujenoli hiyohiyo ikichanganywa na oksidi ya zinki huwa kijazio cha muda cha jino lililotoboka.

Hata hivyo, mvuke hufaa tu pale ambapo kitu kinaweza kupanda na mvuke na kinastahimili joto. Hapa nataka ukae na kisa cha Tu Youyou, mtafiti wa dawa wa China, kwa maana kinahusu kazi yako moja kwa moja. Mwaka 1967 nchi yake ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na miaka miwili baadaye yeye akapewa kikundi cha kuchunguza dawa za asili. Mmea wa kichina uitwao qinghao, ambao wataalamu huuita Artemisia annua, ulionyesha matumaini katika panya, kisha matokeo yakayumba. Mara unafaa, mara haufai. Aliporudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliona kwamba tabibu huyo aliagiza mmea ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa maji yake yanywewe. Hakutaja kuchemsha. Tu akatambua kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa wakati wa kuitoa, akaingia kutumia etha, kiyeyushi ambacho huchemka kwenye nyuzijoto 35 hivi. Mwezi Oktoba 1971 dondoo aliyoipata kwa njia hiyo, baada ya kuondolewa sehemu yake yenye asidi, iliwaua vimelea wote katika panya. Mwaka uliofuata fuwele za artemisinini zilipatikana, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto tunayopewa zahanati leo ikiwa mtu ana malaria ni mzao wa uamuzi huo wa kushusha joto. Fikiri ni mara ngapi mmea ule ulihukumiwa kwamba hauna kitu, na kosa lilikuwa la jiko.

Dhahabu ni somo refu zaidi, nami nitalieleza kwa kirefu kwa sababu limegharimu afya za watu. Katika mwamba, dhahabu aghalabu ni punje ndogo zilizofungiwa ndani ya jiwe la kwatzi. Karasha husaga jiwe ili kuzifungua punje hizo, kisha mchanga huoshwa kwenye mialo, na hapo ndipo wachimbaji wadogo wengi humwaga zebaki, ambayo hukamata dhahabu na kufanya donge. Donge likichomwa, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Wanaoichoma bila kifaa cha kuunasa mvuke huvuta sumu inayoharibu mishipa ya fahamu, na sehemu inayoangukia mitoni na ziwani hubadilishwa na vijidudu kuwa aina kali zaidi, inayojikusanya ndani ya samaki. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ulikuja kukabiliana na mambo kama haya. Lakini mbali na madhara yake, zebaki ni mkamataji dhaifu: hushika tu punje iliyo wazi inayoigusa, na zile ndogo sana au zilizobaki ndani ya jiwe huenda na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa. Ndiyo maana kuna biashara nzima ya kununua marudio.

Mwaka 1887 John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest, huko Glasgow, walipata hataza ya njia ya sianidi. Sianidi ikiwa na oksijeni huiyeyusha dhahabu yenyewe, hivyo haihitaji punje kuwa kubwa. Inahitaji njia tu ya kuifikia. Siku hizi dhahabu iliyoyeyuka hunaswa na mkaa maalumu, kisha huondolewa kwenye mkaa huo na kusafishwa. Maji ya sianidi lazima yawe na chokaa ya kutosha, kwa kuwa yakielekea kwenye asidi hutoa gesi inayoua. Na jambo moja ambalo ningependa kila mwenye matangi alisikie: marudio yaliyopitia zebaki yasiwekwe sianidi kabla zebaki haijaondolewa, kwa sababu sianidi huiyeyusha zebaki pia na kuifanya isafiri mbali kwa urahisi. Mkataba niliokutajia unaihesabu desturi hiyo kuwa miongoni mwa zile mbaya kabisa zinazopaswa kukomeshwa.

Wapo pia wenye dhahabu iliyofungwa ndani ya madini ya salfa, pamoja na shaba. Hapo zebaki haifui dafu, na sianidi hupata shida, hasa ikiwa shaba ni nyingi, maana shaba huila sianidi yenyewe. Mabishano ya makinikia, yaani mchanga wenye madini, ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yaliyofikia kilele pale Serikali ilipopiga marufuku kuyasafirisha nje mwezi Machi 2017, yalikuwa na mambo mengi ya kodi na mikataba, lakini chini yake kulikuwa na ukweli huu wa kikemia: mchanga ule ulihitaji tanuri la kuyeyusha. Kwa maoni yangu, laiti wananchi wengi zaidi wangeelezwa hilo kwa lugha nyepesi, mjadala ungekuwa na faida kubwa zaidi.

Mkonge wa hapa kwetu nitaupitia kwa haraka. Uzi wake ni mgumu kuliko nyama ya jani, basi hakuna haja ya kiyeyushi. Korona, mashine ya kukwangulia majani, huipondaponda nyama na kuikwangua huku maji yakiiosha, na uzi hubaki. Kinachonisikitisha ni kwamba uzi huo hauzidi sana asilimia 4 ya uzito wa jani, na kwa miongo mingi sehemu iliyosalia ilitupwa tu. Kuhusu vinasaba, yaani DNA, utakumbuka kwamba Friedrich Miescher alivipata mwaka 1869 kutoka kwenye usaha wa bandeji za hospitali, na siku hizi hatua za msingi ni hizi: sabuni kuvunja utando wa seli, kimeng'enya kusaga protini zilizovishikilia, na alkoholi baridi kuvifanya vijitokeze. Kaka yako naye huniambia kwamba programu zao huchambua majalada ya zamani na kutoa majina na tarehe. Hata huko kinachoshikilia kipo, kwa kuwa tarakimu peke yake haijulikani ni mwaka, bei au umri mpaka maneno yaliyoizunguka yasomwe.

Sasa nirudi kwenye mwarobaini wako. Azadiraktini imo zaidi katika kiini cha mbegu, wala si katika jani, na kiini hicho kimejaa mafuta. Yenyewe haipendi sana mafuta. Hupendelea alkoholi, na kwa maji huyeyuka kidogo. Huharibika kwa joto, kwa mwanga wa jua, kwa asidi kali na kwa magadi. Ukishayajua hayo, nusu ya orodha yako imekwisha kujifuta. Kukeneka kwa mvuke hakufai, kwa kuwa kampaundi hiyo haipandi na mvuke na joto litaiharibu. Kuchemsha kwa saa nyingi katika kiyeyushi kinachozunguka nako nakutilia shaka kwa sababu hiyohiyo. Ningependekeza ukaushe mbegu kivulini, utoe viini, uvisage, kisha uyaondoe mafuta kwanza kwa kukamua bila moto au kwa kiyeyushi chepesi kama heksani. Sehemu kubwa ya azadiraktini itabaki kwenye mashudu, nawe utayaloweka mashudu hayo katika ethanoli kwa joto la chumba, kwenye chupa iliyofunikwa isipate mwanga. Methanoli hufanya kazi vizuri pia, lakini ni sumu, na dawa hii inakwenda kwenye ghala la chakula.

Usimimine ethanoli yote kwa mara moja. Unajua tangu utoto kwamba nazi hukamuliwa tui la kwanza, kisha tui la pili, na hesabu inathibitisha hekima hiyo. Chukua kampaundi iliyo katika mililita 100 za maji, ambayo kiyeyushi chako huivuta mara 4 kuliko maji. Ukitumia mililita 100 za kiyeyushi kwa mkupuo mmoja, asilimia 20 itabaki kwenye maji. Ukizigawa mafungu manne ya mililita 25, itabaki asilimia 6 na kitu. Kiyeyushi ni kilekile, gharama ni ileile. Mashudu si maji, kwa hiyo tarakimu zako zitakuwa nyingine, ila mwelekeo hautabadilika.

Kisha pima makapi. Vijana wengi hupima dondoo tu, wakafurahia kwamba ni nyingi, kumbe nusu yake ni sukari na rangi. Mwambie mkuu wako kwamba utaripoti uzito wa dondoo, kiasi cha azadiraktini kilichomo ndani yake, na kiasi kilichobaki kwenye mashudu baada ya fungu la mwisho. Vilevile weka kando jaribio moja la njia ya wakulima, ile ya kuloweka gramu 50 hivi za viini vilivyotwangwa katika kila lita ya maji usiku kucha na kuchuja. Ni njia rahisi, haina kiyeyushi cha kununua, na wapo wakulima wanaoitegemea kwa mazao ya shambani. Ikiwa ethanoli haitaipita kwa tofauti inayostahili bei yake, mkuu wako anapaswa kuiona tofauti hiyo kwenye karatasi kabla hajaagiza mapipa.

Ukimaliza mafungu manne ya kwanza, nitumie vipimo vya kila fungu peke yake, pamoja na cha mashudu, ili tuangalie kama fungu la nne lilikuwa na kazi au lilipoteza ethanoli bure.

Mama yako akupendaye