Mdogo wangu ananuka tina, kaka anataka kumpiga

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu ana miaka 15, jioni anajifunza kupiga rangi magari gereji moja huku Makorora. Juzi nafua shati lake nikakuta mkono mmoja umekakamaa pale kwenye kiganja, unanuka tina (thinner, ile ya kuchanganyia rangi), halafu ana vipele pembeni ya mdomo haviponi. Wenzie wanasema si madawa hayo ni harufu tu, ukizidiwa unakunywa maziwa. Kaka yetu anataka akamvizie ampige hukohuko. Nifanyeje? Dada mtu, Tanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza mzuie kaka yenu, nakuomba sana. Tina nyingi na gundi ya viatu zina kemikali inaitwa toluini, mtu akivuta inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na moyo unakuwa mwepesi kushtuka, sasa akikurupushwa au akikimbizwa akiwa kwenye hali hiyo mwili unamwaga adrenalini, ile homoni ya mshtuko, mapigo yanavurugika na moyo unaweza kusimama palepale. Na inaweza kumkuta hata aliyevuta mara ya kwanza, kijana mzima kabisa. Hiyo "harufu tu" inaua, waambie hivyo hao wenzie.

Nguo za fundi rangi zinanuka tina kweli, ila mkono mmoja tu ukakamae na vipele viwe mdomoni, mi hapo nina wasiwasi, anachovya anavutia hapo.

Maziwa hayasaidii kitu, sumu imepita mapafuni sio tumboni, na mtu aliyelewa ukimnywesha anapaliwa. Ukimkuta kalewa ongea nae kwa upole, mtoe nje kwenye hewa, asikae karibu na moto, akilegea mlaze ubavu, akizimia au akipumua kwa shida mkimbizeni hospitali ya Bombo na mseme wazi amevuta nini, msifiche kwa aibu.

Akiendelea miaka ndo utaona anayumba akitembea, mikono inatetemeka, anasahau, maana toluini inaharibu ule utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo, na mara nyingi haurudi kama zamani. Figo nazo zinapoteza potasiamu mpaka miguu inakosa nguvu.

Methadoni msihangaike nayo, ile ni dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, tina haina dawa mbadala. Kinachosaidia ni ushauri nasaha na kumtoa karibu na hiyo tina, kwahiyo gereji apumzike kwanza, na wiki hii mpeleke akapimwe damu, figo na moyo, uende nae wewe anayekusikiliza.