Kabla ya kuuliza nani alaumiwe, uliza gari liko wapi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: gari likipinduka na abiria akaumia, aanzie wapi kutafuta msaada wa kisheria na fidia? Nadhani wengi watajibu kwamba aanzie polisi, au kwenye kampuni ya bima, au kwa wakili, nami nisingewapinga kama nisingekuwa nimeipita njia hiyo mwenyewe. Jibu langu ni kwamba, akishapata matibabu, aanzie kwenye gari lenyewe, yaani ahakikishe kwamba mabaki yake hayauzwi, hayatengenezwi wala hayakatwi kabla mtu mwenye ujuzi hajayakagua.

Nilikuwa abiria katika basi dogo ambalo tairi lake la nyuma lilipasuka, likayumba, likatoka nje ya lami na kubiringika. Nilivunjika mtulinga, na pingili moja ya shingo ikapata ufa. Wiki saba baadaye nilipoketi mbele ya wakili kwa mara ya kwanza, nikiwa na bahasha nene ya picha za eksirei na risiti za hospitali, nilitarajia aanze na shingo yangu. Hakuigusa bahasha. Aliniuliza, "Gari liko wapi?" Sikujua. Tulipopiga simu huku na huko tulielezwa kwamba mmiliki alikwisha kuliuza kama chuma chakavu, wiki moja tu kabla ya siku ile.

Gari kupinduka si sawa na magari kugongana, na tofauti hiyo ndiyo inayowaponza majeruhi wengi. Magari mawili yanapogongana, kila upande una mtetezi wake, kila bima hutuma mkaguzi wake, na ubishi wenyewe hulinda ushahidi. Gari moja likipinduka peke yake hakuna wa kubishana na mwenzake: dereva hubebeshwa lawama ya mwendo kasi, jalada hufungwa, na mmiliki, ambaye huenda ndiye mwenye la kujibu, hubaki na mabaki mikononi mwake na uhuru wa kuyafanya atakavyo.

Ni kweli kwamba mara nyingi dereva ana makosa. Hata hivyo, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi cha NHTSA, imeeleza kwamba takriban asilimia 95 ya ajali za gari moja kupinduka hutokea baada ya gurudumu kunasa kwenye kitu: udongo laini wa kando, ukingo wa barabara, mtaro, au reli ya kuzuia magari. Maana yake ni kwamba gari huwa limekwisha kuiacha njia yake kabla halijapinduka, na sheria hutaka kujua ni nini kilicholitoa na ni nini kilichokuwa kinalisubiri pale kando. Bega la barabara lililomomonyoka na kuachwa bila alama linaweza kumwingiza kwenye kesi mtu ambaye hakuwapo kabisa katika maelezo ya polisi, yaani mwenye jukumu la kuitunza barabara ile.

Kisha kuna umbo la gari na namna lilivyopakiwa. Wahandisi huchukua nusu ya upana uliopo kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, wakaigawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito. Magari madogo ya kawaida hupata kati ya 1.3 na 1.5, ilhali vani, pikapu na magari marefu ya aina ya jipu hupata kati ya 1.0 na 1.3, na kadiri tarakimu hiyo inavyoshuka ndivyo gari linavyopinduka kwa urahisi zaidi. Watu wengi na mizigo juu ya paa hukipandisha kitovu hicho. Mwaka 2001 mamlaka hiyohiyo ilionya kwamba vani za abiria 15, zinapobeba watu 10 au zaidi, hupinduka katika ajali za gari moja kwa kiwango kinachokaribia mara 3 ya zile zenye abiria wachache. Kwa hiyo idadi ya watu waliokuwamo siku ile si habari ya kusimulia tu, bali ni ushahidi dhidi ya aliyeamuru gari lijazwe, na ndiyo sababu majina na namba za simu za abiria wenzako yafaa kuandikwa mapema, wodini hapohapo ikiwezekana, kabla kila mmoja hajatawanyika.

Katika shauri langu, kilichotuokoa upande huu kilikuwa picha. Kijana mmoja mpita njia, ambaye wakati ule nilimwona mkosa adabu, alikuwa amepiga picha kwa simu yake huku sisi tukitolewa madirishani. Katika mojawapo gurudumu la nyuma lilionekana limeelekea juu, na ubavuni mwa tairi ukasomeka msimbo unaoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho za msimbo huo hueleza wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa, kwa mfano 0809 ni wiki ya 8 ya mwaka 2009, na mara nyingi huchapwa upande mmoja tu wa tairi, hivyo tulikuwa na bahati kwamba upande huo ndio uliotazama kamera. Tairi lile lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi. Tangu siku picha ile ilipowekwa mezani, hakuna aliyeutaja tena mwendo kasi kwa sauti ileile ya awali.

Wanaodhani kwamba tairi haliwezi kubeba kesi wakumbuke Agosti 2000, wakati Bridgestone/Firestone ilipotangaza kuyarudisha tairi takriban milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya malalamiko kwamba ngozi ya juu ya tairi ilikuwa ikibanduka gari likiwa kwenye mwendo na gari kupinduka. Mwaka huohuo Marekani ilitunga sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kutoa taarifa za kasoro mapema zaidi.

Hayo yote yanahusu swali la kwanza, yaani kwa nini gari lilipinduka. Lipo swali la pili ambalo majeruhi wengi hawaulizwi na hawajiulizi: kwa nini uliumia namna ile ulivyoumia? Mwaka 1968, katika shauri la Larson dhidi ya General Motors, mahakama ya rufaa nchini Marekani ilikubali kwamba mtengenezaji anapaswa kutarajia kuwa gari lake huenda likapata ajali, na hivyo anaweza kuwajibika kwa jeraha lililoongezwa na muundo mbovu hata kama muundo huo haukuisababisha ajali yenyewe. Katika gari lililopinduka, hoja hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa huko ndiko paa hubonyea hadi kichwani, mlango hufunguka, mkanda huachia, na kiti hung'oka. Paa peke yake linatosha kuonyesha jinsi viwango vinavyoweza kubadilika: kanuni ya Marekani ilitaka paa lihimili mara 1.5 ya uzito wa gari tupu, na mwaka 2009 ikapandishwa hadi mara 3 kwa magari yasiyozidi kilo 2,722.

Kwangu mimi kilichong'oka kilikuwa kiti. Nilifunga mkanda, na mkanda haukukatika. Mimi, mkanda na kiti tulirushwa pamoja, kama mzigo mmoja. Baadaye tulibaini kwamba safu ile ya viti haikutoka kiwandani, bali iliongezwa na karakana moja ili basi libebe watu wengi zaidi. Je, boliti zilifungwa kwenye fremu, au kwenye bati la sakafu tu? Swali hilo lingejibiwa na fundi yeyote kwa kulala chini ya gari kwa dakika tano, lakini hapakuwa tena na gari la kulalia chini yake.

Ndiyo maana nasisitiza barua ya kuhifadhi ushahidi. Ni barua fupi, yenye namba ya usajili wa gari na tarehe ya ajali, inayomtaka mmiliki, kampuni ya bima na mwenye yadi lilikovutwa gari wasiliuze, wasilitengeneze wala wasiliharibu mpaka likaguliwe. Wakili huiandika kwa lugha nzito zaidi, na wakikaidi anaweza kuomba zuio la mahakama; lakini hata ndugu wa majeruhi anaweza kuiandika siku ya pili baada ya ajali, akaipeleka kwa mkono na kurudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Itaje pia kumbukumbu za kielektroniki. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kinasa matukio, kwa kawaida ndani ya kifaa kinachoendesha mifuko ya hewa, ambacho huhifadhi mwendo wa gari kwa sekunde chache kabla ya kishindo, na kama breki ilikanyagwa; kifaa hicho nacho huenda pamoja na chuma chakavu.

Sisemi kwamba bila gari hakuna kesi. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza ipo kanuni ya kwamba tukio lenyewe linajieleza, ambayo chimbuko lake ni shauri la Byrne dhidi ya Boadle la mwaka 1863, pale pipa la unga lilipomwangukia mpita njia kutoka dirisha la ghala, na mahakama ikaona kwamba mapipa hayaanguki hivihivi bila mtu kuzembea. Wakili wangu aliitumia hoja hiyo vizuri dhidi ya mmiliki. Haikuweza, hata hivyo, kumfikia fundi wa viti, kwa sababu kung'oka kwa kiti katika kishindo kikubwa kunaweza kuelezwa kwa njia nyingine, na anayedai ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba maelezo yake yanaelekea kuwa kweli zaidi.

Kuhusu bima nitasema jambo moja kwa kirefu, mengine yanajulikana. Siku ya tisa afisa alifika wodini, mpole na mwenye maneno mazuri, akiwa na hati ya ukurasa mmoja na kalamu. Hati ilisema kwamba anayetia saini amepokea malipo kamili na ya mwisho kwa madhara yote, yanayojulikana na yasiyojulikana. Mimi sikutia saini, si kwa ujanja wowote, bali kwa kuwa mkono wa kuandikia ulikuwa umefungwa. Jirani yangu wa kitanda cha pili alitia. Miezi mitatu baadaye mguu wake ulihitaji upasuaji mwingine, na maneno yale "yasiyojulikana" ndiyo yaliyomfungia mlango. Jeraha la shingo, la kichwa au la uti wa mgongo huchelewa kujionyesha. Ganzi ya vidole vyangu ilianza mwezi wa nne. Kabla daktari hajaandika kwamba hali imetulia na ulemavu umefikia kiwango gani, hakuna anayeweza kukutajia thamani ya dai lako kwa haki, awe wa bima au wa kwako. Gharama zenye risiti na mshahara uliopotea huhesabika kwa kalamu. Maumivu, na uwezo wa kazi utakaopungua miaka ijayo, hukadiriwa, na makadirio hufuata ushahidi wa daktari.

Utaulizwa pia kama ulifunga mkanda. Jibu kweli. Katika shauri la Froom dhidi ya Butcher la mwaka 1975, mahakama ya rufaa ya Uingereza iliweka mwongozo wa kupunguza fidia kwa asilimia 25 pale ambapo mkanda ungelizuia jeraha kabisa, na asilimia 15 pale ambapo ungelipunguza tu. Kwa hiyo kutofunga mkanda hupunguza dai, hakuliui, na uongo kuhusu jambo hilo una madhara makubwa kuliko upungufu huo.

Katika kumchagua wakili, muulize kama amewahi kuendesha shauri la ajali ya gari moja, na mkaguzi gani huru humtumia. Malipo yake yaandikwe mapema: ziko nchi zinazomruhusu kuchukua asilimia ya fidia, na ziko zinazokataza kabisa, na anayekuahidi kiwango cha fidia siku ya kwanza, kabla hajasoma hata cheti cha daktari, anastahili kuagwa kwa heshima. Muulize pia ukomo wa muda. Uingereza kwa kawaida hutoa miaka 3 kwa madai ya majeraha, majimbo mengi ya Marekani miaka 2 au 3, lakini anapoguswa mwenye barabara ambaye ni taasisi ya umma muda unaweza kuwa mfupi sana. California, kwa mfano, humtaka mdai awasilishe dai lake la majeraha kwa taasisi hiyo ndani ya miezi 6.

Shauri langu dhidi ya mmiliki lilimalizika kwa makubaliano baada ya miezi ishirini na sita, kwa kiasi kilicholipia matibabu na sehemu ya mshahara nilioukosa. Dhidi ya karakana hatukufungua lolote. Nilipomwandikia wakili kuuliza kama kweli haiwezekani, alinijibu kwa barua ya aya mbili, ya kwanza ikinieleza namna ya kupokea hundi, na ya pili, kuhusu karakana, ikiwa na maneno mawili tu: hatuna kiti.

Msomaji wenu