Kwa nini muziki unaitangulia picha?

Swali: Natunga muziki wa filamu. Kwangu unaoana na picha, lakini mhariri akiuunganisha, kufikia dakika ya 10 ngoma inalia kabla mlango haujabamizwa. Nimekosea wapi?

Jibu: Tatizo ni kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kila sekunde, wala si upigaji wako. Filamu ikiwa ya fremu 23.976 kwa sekunde nawe ukatungia nakala ya 24, dakika 10 huzaa tofauti ya sekunde 0.6, na jicho huinasa papo hapo. Muulize mhariri kasi hiyo kabla ya noti ya kwanza. Omba pia nakala yenye namba za fremu juu ya picha.

Kwa fremu 24, mapigo 120 kwa dakika ni fremu 12 kila pigo. Mlango ukibamizwa katikati ya mapigo mawili, jaribu kasi ya mapigo 118 au 122, masikio hayashtuki.