Wiki moja inatosha kuwafundisha mafundi wa Kabare?
Ndugu, uliuliza kama wiki moja inatosha kuwafundisha mafundi wa kilimo wa Kabare, Kivu Kusini huko Kongo, kupanga miradi midogo ya vijiji. Darasani, ndiyo. Ila kila mmoja aondoke Bukavu, mjini kwenye mafunzo, na mradi wa kikundi halisi, aumalizie kijijini akisimamiwa. Bila hivyo wataandika makaratasi ya kumpendeza mfadhili.

Wanapokwama zaidi ni kwenye uchakavu, yaani kuweka akiba ya kununua mashine nyingine hii ikichoka. Wape mfano: mashine ya kusaga muhogo ya dola 3,000, ya kudumu miaka 5, inadai akiba ya dola 50 kila mwezi. Ikisaga kilo 10,000 kwa mwezi, kwa senti 3 kilo, inaingiza 300. Toa mazutu (dizeli) 120, msagaji 60, mikanda na vipuri 30: zinabaki 90. Vizuri, zinapita ile 50. Sasa warudie kwa mwezi wa mvua, muhogo haukauki, kilo 6,000 tu: mapato 180, mazutu 72, msagaji na vipuri palepale. Zinabaki 18, na akiba inataka 50. Wanakikundi waulizwe kabla ya kununua chochote: pengo la 32 linazibwa na akiba ya kiangazi, au na nani? Na kiwanja cha mashine kiandikwe jina la kikundi, si la mwenyekiti.