Mbona surua unachanjwa unamaliza, mafua kila mwaka?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Mimi ni mtu wa maabara, H1N1 na H3N2, hizi aina za virusi vya mafua, nazisoma sana na najua H na N ni protini za juu ya kirusi. Kinachonishinda ni hiki, surua ukichanjwa utotoni umemaliza, homa ya mafua tunaitwa tena kila mwaka. Chanjo ni dhaifu au kirusi ndo mjanja? Na mbona wasichanje dhidi ya ile sehemu isiyobadilika?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hilo la mwisho ndo tamu, ntalifikia, ila tuanze na H maana mambo yote yamelala hapo.

H ni hemaglutinini. Kirusi kimoja kina mamia ya miiba hii, kila mwiba ni protini tatu zilizosokotana, una kichwa juu na shina chini. Kule juu kichwani kuna kishimo kidogo, ndicho kinachonasa asidi sialiki, aina ya sukari iliyoko kwenye ncha za vinyororo vinavyofunika seli zetu. Virusi vya mafua vya binadamu vinapenda sukari iliyoungwa kwa mtindo wa alfa 2,6 ambayo imejaa puani na kooni, vya ndege vinapenda alfa 2,3, na hiyo ni sababu mojawapo H5N1, mafua ya ndege, inafyeka kuku banda zima lakini kutoka mtu hadi mtu inakwama. Kirusi kikishanata, seli inakimeza yenyewe, asidi inazidi ndani ya kifuko kilichokimeza, basi mwiba unafyatuka kama mtego wa panya, utando wa kirusi unaungana na wa seli na jeni zinaingia. Kufyatuka huko kunategemea shina. Shika hilo, tutalirudia.

N, yaani neuraminidesi, ni mkasi. Inakata sukari ile ile ambayo H inainasa, ili virusi wapya wakizaliwa wasibaki wamegandia kwenye seli. Dawa ya oseltamivir inafanya kazi hapo, inaubana mkasi.

Sasa ujanja uko wapi. Antibodi zetu nyingi, zile protini za kinga ya mwili, zinakimbilia kichwa cha H, ndicho kimejitokeza, na zikikaa karibu na kile kishimo kirusi hakinati tena. Tatizo ni kwamba kichwa kinavumilia mabadiliko kupita kiasi, amino asidi moja tu, yaani tofali moja la protini, pembeni ya kishimo inabadilika, antibodi ya mwaka jana inateleza, na kirusi kinaendelea kunata kama kawaida. Surua nayo ina protini yake ya kunata, lakini pale antibodi zinapokaa ni pale pale inapopahitaji ili iingie kwenye seli, ikipabadilisha imejimaliza. Ndo maana chanjo ya surua iliyotokana na kirusi kilichochukuliwa kwa mgonjwa mwaka 1954 bado inapiga kazi hadi leo. Kwa hiyo sisemi chanjo ya mafua ni mbovu, imeelekezwa kwenye shabaha inayotembea.

Na shabaha yenyewe inabidi ibashiriwe. Shirika la Afya Duniani linakaa mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, wanachagua aina za virusi miezi kadhaa kabla ya msimu. Afu kuna hili la mayai ambalo watu hawalisemi sana: chanjo nyingi bado zinakuzwa kwenye yai la kuku, sasa kirusi cha binadamu, hasa H3N2, kikiwa ndani ya yai kinajirekebisha kichwa ili kinate vizuri humo, unajikuta unachanja watu kwa kichwa kisichofanana na kile kinachozunguka mtaani. Zinazotengenezwa kwenye seli au kwa kutumia jeni peke yake zinaukwepa mtego huo.

Halafu N tumeipuuza, mimi naona hivyo. Chanjo ya kawaida inapimwa iwe na mikrogramu 15 za H kwa kila aina, N iliyomo humo hakuna anayeihesabu. Wakati mwaka 1968 H2N2 ilipogeuka H3N2, H ilikuwa ngeni kabisa ila N2 ilibaki, na waliokuwa na antibodi za N2 walipata afadhali.

Haya, shina. Kweli halibadiliki kirahisi, kwa sababu ule mtego ukivurugwa haufyatuki. Na kuna dalili nzuri kwamba linakinga: waliokutana utotoni na H1 au H2, wengi wao waliozaliwa kabla ya 1968, H5N1 imewapiga kidogo kuliko waliokua na H3, na kwa H7N9, mafua mengine ya ndege, mambo yamegeuka, kwa sababu H1, H2 na H5 ni ukoo mmoja wa mashina, H3 na H7 ni ukoo mwingine. Shida ni kwamba kichwa kinalifunika shina na kinga ya mwili inavutwa na kichwa. Watafiti wamejaribu kukikata kichwa kabisa wabaki na shina, wengine wanachanja mara ya kwanza na ya pili kwa shina lile lile huku wakibadilisha kichwa kigeni juu yake, ili mwili uzoee kile kinachojirudia.

Sasa wewe wa maabara nikuonyeshe kitu. Ile pleti ya visima 96 unaijua, chembe nyekundu za damu zikiwa peke yake zinashuka chini zinakaa kama kifungo, ukiinamisha pleti zinatiririka kama chozi. Ukiweka kirusi, H inazishikanisha zinatanda kama wavu, ndo asili ya hilo jina hemaglutinini. Ukitia seramu, yale maji ya damu, yenye antibodi, kifungo kinarudi, na taita ya 40, yaani seramu ikizimuliwa mara 40 bado inazuia, ndo imezoeleka kuhesabiwa kama kinga ya takriban nusu ya watu. Lakini kifungo kinarudi tu pale antibodi zinapokiziba kichwa. Za shina zinaweza kujaa kwenye seramu na wavu ukatanda vile vile, kwenye fomu ukaandika hasi.