Vikapu vinasifiwa lakini haviuziki: anza na bei

Dada, umesema vikapu vyako vya rafia na nyuzi za mgomba vinasifiwa na kila apitaye hapo Jinja, lakini wanunuzi wanakukatia bei mpaka unapata hasara. Mimi ningeanza na bei kabla ya matangazo. Andika gharama ya rafia, rangi na nauli ya sokoni, kisha jilipe saa zako za kusuka. Hiyo ya mwisho wasukaji wengi huisahau, na ndiyo inayowamaliza. Ukishajua kiwango chako cha chini, mteja hakuyumbishi.

Watalii wanaokuja kuona chanzo cha Nile hawajui kikapu kimekuchukua siku ngapi. Waambie! Funga kikaratasi: nani kasuka, wapi, kwa nyuzi gani. Ukipamba kwa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, taja kwamba ufundi wake umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu tangu 2008. Ni kweli, na mgeni huipenda habari kama hiyo.

Picha piga nje asubuhi, kivulini. Weka WhatsApp pamoja na bei. Ukificha bei, wengi hawaulizi.

Maduka ya sanaa kule Kampala huenda yakataka mali kauli, yaani yakulipe baada ya kuuza. Usikatae, ila peleka vichache kwanza, muandikiane idadi na tarehe ya malipo, na nyote mtie sahihi. Mteja wa mbali alipe kwa simu kabla hujapakia mzigo kwenye basi.