Hati ya kiapo haigawi mikorosho

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mkulima wilayani Tandahimba. Mwaka 2006 mimi na mume wangu tulifyeka pori tukapanda mikorosho, na tangu wakati huo palizi, kuokota na kuanika nafanya mimi na watoto, yeye anapuliza salfa, dawa ya mikorosho, na kupeleka korosho ghalani. Shamba, uanachama wa AMCOS (chama chetu cha msingi cha ushirika, kinachotuuzia korosho) na akaunti ya benki vyote vina jina lake peke yake. Kuna bwana mjini anayejiita mwanasheria ameniambia kwamba kwa shilingi 80,000 atanitengenezea hati ya kiapo yenye muhuri, inayosema nusu ya shamba ni yangu, na nikiipeleka chamani nitalipwa nusu ya mauzo. Mama yangu mkubwa anasema nisihangaike, maana sisi Wamakonde mali ni ya upande wa mama. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, ingawa mama yako mkubwa amekosea kwa nia njema na huyo bwana anajua anachokifanya.

Nianze na kiapo, kwa sababu katika miaka yangu ya kusaidia vijiji kusajili ardhi nimeletewa karatasi za namna hii nyingi mno. Hati ya kiapo ni maneno yako mwenyewe uliyoyasema mbele ya Kamishna wa Viapo. Inaweza kutumika kama ushahidi mahali panaposikilizwa shauri, na pengine mume wako akaipinga kwa kiapo chake, lakini haihamishi mali kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, wala haimlazimishi karani wa chama cha msingi kubadili jina lililoandikwa katika daftari lake. Muhuri wa mwenyekiti wa kijiji nao hauongezi kitu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji ikiwa katika kikao, nayo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti peke yake nyumbani kwake hana mamlaka hayo, hata akigonga mihuri kumi.

Mama yako mkubwa ana sehemu ya ukweli. Ni kweli kwamba kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo umefuatwa kwa mama tangu zamani. Lakini kufuata ukoo kwa mama si sawa na mama kuwa na kauli juu ya mali. Mara nyingi aliyeshika kauli hiyo alikuwa mjomba. Tena mkorosho ni mti wa miongo mingi, na huku kwetu mti huhesabiwa kuwa ni wa aliyeupanda, naye anayetajwa kuwa aliupanda huwa ni mume, hata kama mashimo mlichimba wote. Ndiyo maana nasikitika kila ninapowasikia watu wakisema kwamba mambo ya usawa wa kijinsia ni ya mikoa mingine, na kwamba Mtwara na Lindi wanawake walishapata haki zao kwa mila. Mwanamke anayeliamini neno hilo hagundui kosa mpaka siku mume anapofariki na wapwa zake wakaja kuhesabu miti.

Sheria iko upande wako, na hilo sitalieleza kwa urefu. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na kifungu cha 20 kinaibatilisha mila yoyote inayomnyima haki hiyo. Mahakama ya Rufani nayo, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hata hivyo, Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona kwamba alikuwa ameshatumia vibaya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya maendeleo ya familia. Kanuni ilisimama, mwenye kesi akarudi mikono mitupu. Nakutajia shauri hili kwa sababu watu wengi wanadhani haki ikishaandikwa kwenye sheria, basi fedha itaifuata yenyewe.

Fedha ya korosho haifuati sheria ya ndoa, inafuata jina. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mazao hukusanywa ghalani kwa stakabadhi kisha huuzwa mnadani, ulipoanza kutumika kwa korosho hapa Mtwara, msimu wa 2007/2008, kilo hupimwa kwa jina la mwanachama, na baada ya mnada malipo huenda kwa jina hilohilo. Pembejeo za ruzuku nazo hupangwa kwa mkulima aliyesajiliwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2011 kwamba wanawake ni asilimia 43 ya nguvukazi ya kilimo katika nchi zinazoendelea, na kwamba wangepata pembejeo na huduma sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangeongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Pengo hilo halitoki katika uvivu wala katika udhaifu wa mkono. Linatoka katika orodha ambayo kaya yenye wakulima wawili inaandikiwa mkulima mmoja, kisha salfa, mafunzo, mkopo na malipo vyote vinaifuata orodha hiyo.

Kwa hiyo kazi yako iko kwenye madaftari, nayo ni ya polepole. Zungumza na mume wako. Hujasema kwamba ni mkorofi, basi usianze na mashtaka. Ombeni hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, kama familia, ombi likiwa na saini zenu wawili, na msikubali fomu iandikwe jina moja kwa kisingizio kwamba nafasi haitoshi. Hati halali husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, nanyi mkasaini au mkatia dole gumba, kisha afisa ardhi wa wilaya akaisaini, akaigonga muhuri na kuisajili. Iliyokosa hatua hiyo ya mwisho haijakamilika. Hakikisheni pia kwamba imeandikwa wazi kama mnamiliki kwa pamoja, ambapo anayebaki hai huchukua lote, au kwa hisa, ambapo sehemu ya marehemu huenda kwa warithi wake. Wakati hilo linaendelea, omba uanachama wako mwenyewe katika AMCOS, kwa kuwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haimtaki mwanamke apitie kwa mumewe, na mkubaliane sehemu ya korosho ipimwe kwa jina lako. Mkishindwa kuelewana, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji kwa usuluhishi. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao sharti wawe wanawake.

Natamani maofisa wa halmashauri zetu wasome hapa pia. Kuita wanawake kwenye semina na kuhesabu vichwa hakubadili chochote ikiwa orodha ya pembejeo inabaki ileile, na pengo hilo wanaloliacha ndilo vishoka, yaani matapeli wanaojifanya wanasheria au wataalamu, wanaloliingilia. Wanakuja na kiapo mwaka huu, mwaka jana walikuja na fomu za vikundi, na kila mara anayelipa ni mwanamke ambaye fedha yake ya ufuta au mbaazi ndiyo pekee anayoishika mkononi. Nimewaona walioweka kiapo sandukuni kwa miaka wakiamini wameshamaliza, wakaacha kuomba hati wakati wapimaji walipofika kijijini kwao. Hasara hiyo inazidi sana shilingi 80,000.

Kuhusu huyo bwana, kabla hujampa hata senti, mwombe akuonyeshe leseni yake ya uwakili ya mwaka huu. Wakili wa kweli anayo, na jina lake limo katika orodha ya mawakili inayotunzwa na Mahakama. Waweza kuuliza katika mahakama iliyo karibu nawe.